Tisheti ya marathoni imekuwa topu: uzoefu wangu na fundi wa barazani Moshi

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Kushona elfu saba, ovaloki (mashine ya kushonea kingo zisifumuke) elfu moja na mia tano, jumla 8,500. Tisheti yangu, uzi wa fundi. Kwa hela hiyohiyo ukidamka ukawahi soko la mitumba la Memorial wakati wanafungua belo, unaondoka na topu mbili za mtumba na nauli inabaki. Kwa hiyo kama shida yako ni kubana matumizi, usihangaike na fundi. Mimi nilitaka nguo ya kuvaa kwenye joto hili la Moshi la Januari mpaka Machi, isiyo na mikono, inayonikaa vizuri, na ya kitambaa ambacho ngozi yangu imeshakizoea.

Tisheti yenyewe ni ya Kilimanjaro Marathon, mwaka niliokimbia zile kilomita 5 za kujifurahisha. Wa Moshi mnazielewa hizi tisheti. Februari ikiisha mji mzima unazo, baada ya muda zinakuwa nguo za kulalia, mwisho wake tambara la kudekia. Yangu ilikuwa XL, pamba, imefuliwa hadi ikawa laini kabisa. Na huo ulaini ndio ulionifanya nisiitupe. Pamba mpya ya jezi, yaani kitambaa kinachovutika cha tisheti, hurudi ikifuliwa mara za mwanzo, unashona leo, wiki ijayo nguo imepanda juu ya kitovu. Ya zamani imeshamaliza kurudi. Ukipimwa, umepimwa.

Fundi ni mama mtu mzima, anakaa kwenye baraza ya duka la vitambaa, si mbali na stendi. Nilimpata baada ya wengine kuniambia "jezi hatushoni", na nawasifu kwa kusema ukweli. Fundi hodari wa kitenge si lazima awe hodari wa tisheti. Kitenge kinatulia mezani; jezi inavutika, na ukiikata tu kingo zinajikunja zenyewe. Huyu mama anashona pia jezi za timu za mtaani, ndiyo maana nilimwamini.

Nilipofika nikamwamkia, nikatoa tisheti na kumwonyesha picha kwenye simu. Picha hakuitazama sana. Aliigeuza tisheti ndani nje, akaivuta kwa upana, akaivuta kwa urefu, akaniambia: "Mwanangu, chini tusiguse. Hili pindo limeshonwa kiwandani kwa sindano mbili, mimi mashine hiyo sina. Tukilikata, nitakurudishia pindo baya." Hapo tu akawa ameshanipata. Kazi yote ikafanyika kuanzia juu: mikono ikatoka, shingo ikashushwa, ubavu ukaingizwa ndani kila upande, pindo la kiwandani likabaki palepale lilipo.

Kitu kilichonifurahisha zaidi ni shingo. Mikono aliyoikata hakuitupa, aliichana akapata mikanda ya kuzungushia shingo na makwapa, rangi ileile, uzee uleule. Akapima duara la shingo kwa futi, inchi 24. Mkanda akaukata inchi 20 na nusu. Nikamuuliza mbona mfupi. Akasema mkanda ukilingana na shingo, shingo inalegea na kusimama mbele kama mdomo wa mfuko. Lazima uwe mfupi kidogo, uuvute wakati wa kushona ili ulale kifuani. Na mkanda unakatwa kufuata upana wa tisheti, upande unaovutika, siyo urefu. Niliangalia akiugawa mkanda robo nne kwa pini, shingo nayo robo nne, akakutanisha pini kwa pini, ndipo akaanza. Sasa hivi hiyo shingo imefuliwa na kuanikwa juani na bado imelala.

Sasa malalamiko, yapo.

La kwanza, sindano. Kwapa la kwanza alianza na sindano aliyokuwa anashonea vitenge, ile yenye ncha kali, na cherehani ikawa inaruka: mishono miwili inakaa, wa tatu haupo. Ncha kali inatoboa nyuzi za jezi, inatakiwa yenye ncha ya duara inayopenya katikati ya nyuzi. Anaijua vizuri sana, ila ilikuwa imevunjika, ikabidi akaazime kwa jirani. Fundi wa jezi kukosa sindano ya akiba, hapana. Siku hizi nikienda nauliza sindano kabla sijatoa nguo kwenye mfuko.

La pili, ovaloki. Cherehani yake ni ya miguu, inashona mstari mnyoofu tu, na mstari mnyoofu kwenye shingo ya tisheti unakatika siku ya kwanza unapopitisha kichwa. Kwa hiyo sehemu za kuvutika zinapelekwa kwa kijana mwenye ovaloki jengo la pili, na huyo kijana ana haraka. Kwapa la kushoto alilivuta likiwa chini ya mashine, likatoka na mawimbi. Mama alilipiga pasi yenye mvuke kwa ndani, likapungua, halikuisha. Pasi kwa ndani pia kwa sababu ya ile chapa ya kifuani: ukiipitisha pasi ya moto juu yake inanata na kubanduka. Nilirudi kulalamika, wakalifumua na kulirudia bila kunidai. Limekaa sawa, ila nusu siku yangu ilikwenda.

La tatu ni la mafundi wote duniani. "Njoo kesho" ilikuwa nyingi. Mwanzo wa Januari hata usijaribu, baraza nzima imefunikwa na sare za shule, wazazi wamesimama kichwani kwa fundi, kitopu chako cha joto nani atakiangalia? Subiri shule zifunguliwe, watoto wakae darasani, ndipo uende.

Kwa jumla namrudia, na nimeshampelekea tisheti ya mdogo wangu. Kwa wanaotaka kujaribu: chagua iliyo kubwa kuliko wewe walau saizi mbili, maana mikanda inatoka kwenye hicho kinachozidi. Inyanyue juu uitazame kwenye mwanga, sehemu ya mabega na kwapani. Ukiona mwanga unapenya kama kwenye chandarua, pamba imekwisha, uzi utaichana. Iliyopinda ubavu, ile mishono ya pembeni imezunguka mpaka mbele, iache tu iwe ya kulalia, ukiikata wima itajipinda tena ukiifua. Zile tisheti za michezo za poliesta zinazoteleza mama anazishona pia, ila bei inapanda elfu mbili, na kwa joto la hapa chini sioni kwa nini mtu ajifungie ndani ya poliesta.