Balbu za LED nyumbani kwangu Ndosho, baada ya miezi minane

Nyumba yetu ni ya mbao, kama nyingi hapa Goma, na dari ni la tripleksi, zile mbao nyembamba za kubandika. Juu ya balbu ya zamani ya sebuleni kulikuwa na duara la kahawia, upana wa sahani, lililounguzwa polepole na joto. Mke wangu alilitazama kila jioni: "Baba Amani, iko siku tutaungua tukiwa mezani." Basi kilichonipeleka Birere kununua LED ni lile duara, wala si bei ya umeme.

Pesa nayo imeonekana, sikatai. Balbu tano za wati 60, kwa saa tano za usiku, zilikuwa zinakula uniti moja na nusu. LED tano za wati 9, kwa mwanga ule ule, hazifikishi hata robo. Uniti za wiki sasa zinavuka siku ya kumi, na zingefika mbali zaidi kama si pasi.

Kosa langu lilikuwa kuanza na zile rahisi za franka elfu mbili. Jioni umeme wa kwetu unapanda na kushuka. Mbili zikaanza kupepesa, ya tatu ikafa kabla ya mwezi. Niliporudi nazo muuzaji alicheka: "Papa, garantii inaishia hapa mlangoni." Siku hizi nasoma boksi kwanza. Nataka iliyoandikwa volti 85 hadi 265. Kisha naomba iwashwe, naielekezea kamera ya simu: mistari myeusi ikitembea kwenye kioo, nairudisha.

Lakini kisa chenyewe kilitokea chumba cha watoto. Nazima swichi, taa inabaki na mwanga hafifu, kama kaa lililofunikwa majivu. Nikabadilisha balbu, hali ile ile. Fundi akaja, swichi ikiwa imezimwa akaingiza tesita kwenye holda, ikawaka. "Papa, aliyefunga hapa aliweka swichi kwenye nyutro, waya wa kurudisha umeme, na fazi, ule unaouleta, akaiacha. Hii iko na moto saa zote." Miaka minne nimebadilisha balbu pale juu ya kiti cha chuma, nikijua nimezima! Balbu ya zamani isingenionyesha kosa hilo, maana umeme mdogo unaopenya hivyo hauwezi kuiwasha. LED inatosheka nao. Kugeuza nyaya hakukuchukua hata nusu saa, na taa ikazimika kabisa.

Rangi nazo ziangaliwe. Nilifunga sebuleni nyeupe ya kelvini 6500, namba ya rangi ya mwanga, mama mkwe akauliza kama tumefungua dispensari. Nikaweka ya 3000, ya manjano kidogo, akatulia.

Balbu moja tu ya zamani nimeibakiza, iko kwenye banda la vifaranga. Nilijaribu LED kule usiku mmoja wa baridi, asubuhi nikawakuta wamerundikana kona moja.