Nguo za Safari Ndefu ya Begi Moja: Zipi Ununue, Zipi Uziache Dukani

Mtu anayejiandaa kwa safari ya miezi kadhaa na begi moja la mgongoni huanza kwa kuuliza achukue nguo ngapi. Mimi ningeanza na swali jingine: nguo hii nikiifua saa mbili usiku kwenye sinki, nikaianika chumbani, nitaikuta imekauka asubuhi? Ikikauka, fulana tatu zinatosha kwa wiki na zinatosha kwa mwaka. Isipokauka utahitaji sita, na kila unapohama utabeba mbili mbichi kwenye mfuko wa plastiki hadi zianze kunuka uvundo. Kwa hiyo nimepanga nguo humu kwa kigezo cha kukauka kwanza, kisha idadi ya kazi ambazo nguo moja inaweza kufanya, kisha uimara. Uzuri nimeuweka mwisho, ingawa nao una hesabu yake: nguo usiyoipenda hutaivaa, utaibeba tu.

Uzito nao haukwepeki. Mashirika mengi ya ndege hukubali mzigo wa mkononi wa kilo 7 hadi 10, begi lenyewe likiwemo. Ukitoa begi, chaja, dawa na vikorokoro vingine, kilo 3 za nguo ni nyingi tayari.

Fulana na mashati

Hapa ndipo pesa nyingi ziende, kwa sababu ndizo zinazogusa ngozi na kunywa jasho kutwa. Nimezipanga kuanzia bora.

Ya kwanza ni fulana ya merino, yaani sufu laini ya kondoo wa aina hiyo, iliyochanganywa na nailoni. Ukitaja sufu, watu wengi hukumbuka sweta lililowawasha utotoni. Kinachowasha ni unene wa unyuzi: ukifika maikroni 30 hivi (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita) huanza kuchoma ngozi, ilhali merino ya fulana nzuri ni maikroni 17 hadi 19. Sufu hunyonya unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi kwamba imelowa, na haishiki harufu upesi. Unaweza kuivaa siku tatu mfululizo ukiitundika penye upepo kila usiku, na jirani yako kwenye basi asijue. Ubaya wake ni bei, na pia udhaifu: merino tupu ya gramu 150 kwa mita ya mraba hutoboka pale mkanda wa begi unapokaa kiunoni. Ndiyo maana nasisitiza mchanganyiko. Nailoni ya asilimia 10 hadi 20 huiongezea maisha sana. Usiifue kwa maji ya moto, usiitie kwenye mashine ya kukaushia, na ukirudi usiitupe kabatini ikiwa na jasho, kwa maana viwavi wa nondo hula sufu na wanapenda zaidi iliyo chafu.

Ya pili, na kwa safari ya nchi za joto ningeiweka ya kwanza, ni shati jepesi la mikono mirefu, lenye kola na vifungo, la kitani au la pamba iliyochanganywa na poliesta. Hili ndilo vazi ninalolipigia debe kuliko yote, na ndilo ambalo watu hulisahau kwa sababu halikai kwenye rafu ya "nguo za safari". Kunja mikono, ni shati la mchana. Ishushe, inazuia jua na mbu. Funga vifungo, unaingia nalo ubalozini, kwenye nyumba ya ibada, au kwenye mwaliko wa chakula uliokujia ghafla. Livae juu ya fulana bila kulifunga, umepata kijikoti cha jioni. Kitani hukunjamana, hilo halina dawa. Kama linakukera chukua la mchanganyiko. Lisiwe la kubana mabegani, maana begi likikaa mgongoni huvuta kitambaa nyuma na mshono wa kwapa ndio hufumuka kwanza.

Nafasi ya tatu ni poliesta. Kwa kukauka haina mpinzani: nyuzi zake hunyonya maji chini ya asilimia 1 ya uzito wake, wakati pamba katika hewa ya kawaida tu hubeba unyevu wa asilimia 7 au 8. Ni imara, ni rahisi kununua, haipauki ovyo juani. Lakini inanuka, na hili si dhana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2014 matokeo ya kuchunguza fulana za watu 26 waliokuwa wamefanya mazoezi ya baiskeli. Za poliesta zilionekana kunuka vibaya zaidi kuliko za pamba, na bakteria wa jamii ya Micrococcus walistawi zaidi kwenye poliesta. Wauzaji hukwambia kitambaa kimetiwa dawa ya madini ya fedha ya kuzuia harufu. Sawa, ila dawa hiyo hupungua kadiri unavyofua, na wewe utafua kila siku ya pili. Chukua poliesta moja ya kupandia mlima na kufanyia mazoezi, basi.

Ya nne ni fulana nzito ya pamba. Ni laini, na kwenye joto kavu unyevu wake hata hukupoza. Penye unyevunyevu huweza kukaa kambani siku nzima bila kukauka, na penye baridi ni hatari kabisa: ikilowa jasho huacha kukupa joto na hunyonya lako. Moja ya kulalia inatosha.

Mkiani naweka viskosi na rayoni, vitambaa vya nyuzi zinazotokana na massa ya miti, pamoja na zile nguo zinazouzwa kwa jina la kitambaa cha mwanzi, ambazo nyingi ni viskosi iliyotokana na mwanzi. Zinateleza vizuri mkononi ukiwa dukani. Tatizo ni kwamba nyuzi zake hupoteza nguvu nyingi zikiwa zimelowa, na mtu anayefua kwa mkono na kukamua kila usiku ataziona zikilegea shingoni na kutanuka chini kabla ya mwezi kuisha.

Suruali, kaptula, sketi

Mbili ndefu na moja fupi. Nikilazimika kuchagua aina moja tu nitachukua suruali ya nailoni iliyofumwa, yenye uzi kidogo wa kuvutika, mkato wa kawaida, isiyo na mifuko kumi ya pembeni. Nailoni hustahimili msuguano kuliko poliesta, na msuguano ndio unaoua suruali: viti vya mabasi, mawe, zege la vituo vya treni. Uzi wa kuvutika usizidi sana, kwa kuwa ndio unaochoka mapema kwa joto na klorini, na suruali ikishalegea magotini hairudi.

Chino, yaani suruali ya kitambaa ya kawaida, ikiwa nyepesi ya pamba na poliesta, inafuata kwa karibu. Hukauka polepole kidogo, lakini ina sura ya heshima na haichakarishi unapotembea. Kwa wanawake wengi, na hata kwa joto lenyewe, sketi ndefu nyepesi yenye mfuko na taiti nyembamba chini yake hushinda suruali zote mbili: taiti huzuia mapaja kuchubuka, na usiku wa baridi huvaliwa yenyewe ndani ya suruali.

Suruali za zipu zinazokatwa magotini kuwa kaptula ninazipa nafasi ya chini, na najua nina wapinzani. Kwenye karatasi ni mbili kwa moja. Kwenye mwili, zipu inakaa hasa pale goti linapokunjwa, vipande vyake hupotea kwenye kufua, na mtu akikuona mita hamsini anajua wewe ni mtalii uliyeshuka leo.

Jinzi iache. Moja hufikia gramu 700 au zaidi, uzito wa suruali mbili za nailoni, na ikinyeshewa jioni utaivaa mbichi kesho yake.

Nguo ya joto

Wengi hununua koti kubwa la manyoya ya bata kwa kuogopa baridi ya wiki mbili katika safari ya mwaka. Anza na sweta jembamba la sufu au la flisi, kitambaa laini cha poliesta chenye vinyweleo. Flisi ilianza kutengenezwa na kiwanda cha Malden Mills huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, na sifa zake ni zilezile: nyepesi, ikilowa bado inatoa joto, inakauka haraka. Hapa ndipo pa kubana pesa. Flisi na masweta ya sufu ya mitumba ni mazuri kama mapya. Angalia viwiko na zipu tu.

Koti la manyoya linastahili kama njia yako inapita milima mirefu au majira ya baridi. Namba unayoiona kwenye lebo, 600, 700 au 800, hueleza jinsi manyoya yanavyotuna: kubwa zaidi ni joto zaidi kwa uzito uleule. Udhaifu wake ni maji. Yakilowa hugandamana na koti halikupi joto tena. Sweta zito la pamba lenye kofia, ambalo kila kijana hulibeba, linashika mkia hapa: linajaza nusu ya begi na halikauki.

Mvua

Koti jepesi lisilopitisha maji, lenye kofia inayokaza, kubwa kiasi cha kuvaliwa juu ya sweta. Lebo ikisema milimita 10,000, kipimo cha kimo cha maji ambayo kitambaa hustahimili kabla hayajapenya, linatosha kwa msafiri wa kawaida. Matone yakianza kulowesha uso wa koti badala ya kuteleza, lifue na ulipashe joto kidogo kwa kufuata lebo. Tabaka la nje huamka tena. Usilikunje likiwa bichi ukalisahau chini ya begi, maana utando wa ndani hubanduka vipandevipande. Kwenye joto la mvua kubwa mwavuli mdogo hushinda koti lolote, kwa kuwa ndani ya koti utalowa jasho vilevile.

Chupi, soksi na kitambaa cha kujifunga

Chupi nne, za merino au nailoni laini, zisizo na mshono mnene kwenye paja. Sidiria mbili, moja ikiwa ya michezo isiyo na waya. Soksi jozi tatu au nne za sufu yenye nailoni. Ingiza mkono kwenye soksi dukani uinyooshe kisiginoni: ukiona kiganja chako kupitia kitambaa, haitafika mbali.

Ongeza kanga moja au kikoi. Ni pamba, lakini nyembamba, hivyo hukauka upesi. Ni taulo, shuka, pazia la kitanda cha chini kwenye chumba cha watu wanane, mtandio, na chumba cha kubadilishia nguo ufukweni. Sijaona kifaa cha safari kinachoshindana nayo kwa bei.

Rangi

Chagua rangi mbili za msingi ili kila cha juu kivalike na kila cha chini. Kijivu, kaki na kijani kilichopoa huficha vumbi vizuri kuliko nyeusi. Kama unapita maeneo yenye mbung'o, epuka bluu na nyeusi. Mitego ya mbung'o hutengenezwa kwa rangi hizo kwa sababu ndizo zinazowavuta. Na usibebe nguo ya madoa ya kijeshi hata kama ni kofia: nchi kadhaa, zikiwemo Barbados na Jamaika, zinakataza raia na wageni kuivaa, na inaweza kukupeleka kituoni.

Dakika tano dukani

Usinunue kwa kutazama. Finya kitambaa kwenye ngumi hadi uhesabu kumi, kisha kiachie: mikunjo unayoiona ndiyo utakayotembea nayo. Kinyanyue kwenye mwanga utafute sehemu zilizolegea. Ukiwa umevaa suruali, chuchumaa kabisa, kisha panda mguu mmoja juu ya kiti. Mshono wa katikati ukivuta sasa, utapasuka kwenye ngazi ya basi. Tia simu mfukoni ukae. Ikichomoza, mfuko huo ni wa kuibiwa. Fungua na ufunge zipu mara kadhaa kwa mkono mmoja.

Baada ya hapo kuna jaribio la nyumbani, kabla ya kukata lebo za nguo ya pili ya aina hiyo. Ifue kwa mkono, ikamue, itandaze juu ya taulo kavu, viringisha taulo na nguo yake kama mkeka, kisha ukanyage juu yake kwa miguu mitupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Utashangaa maji yanavyohamia kwenye taulo. Itundike ndani, dirisha likiwa limefungwa, usiku. Asubuhi usiguse kifuani. Gusa kwapa, pindo, mkanda wa kiuno na ndani ya mifuko. Mahali hapo pakiwa bichi, rudisha ya pili.

Vitu vingine usivinunue kabla ya kuondoka: kofia ya jua, glavu, nguo ya kuogelea ya akiba, kandambili, koti zito la wiki ile moja ya theluji. Vyote hivyo hupatikana penye haja navyo, mara nyingi kwa bei nafuu, na ukimaliza unamwachia anayeelekea huko utokako.