Ukaguzi wa mawakala wa ajira Uingereza: mfumo wa serikali uko imara, shida iko kwa wadhamini

Anayefanya kazi za mkataba Uingereza, awe mtaalamu wa kompyuta mwenye kampuni yake au muuguzi wa zamu, hukaguliwa upya karibu kila anapohamia wakala mwingine. Ukaguzi huo una mambo manne: haki ya kufanya kazi, utambulisho, rekodi ya jinai na wadhamini, yaani watu wanaothibitisha kazi ulizowahi kufanya. Ubora wake haulingani hata kidogo. La kwanza limetengenezwa vizuri na ni bure. La mwisho ndilo mawakala wengine hulitumia kwa faida yao.

Tuanze na lile zuri. Asiye raia wa Uingereza wala Ireland huingia kwenye akaunti yake ya UKVI (idara ya viza na uhamiaji), kwenye tovuti ya serikali ya GOV.UK, akatoa msimbo wa herufi na tarakimu tisa ambao jina lake rasmi ni share code. Wakala hupewa msimbo huo na tarehe ya kuzaliwa, basi. Akifungua ukurasa wa waajiri anaona picha, jina, masharti ya kazi na tarehe ambayo ruhusa inaisha. Msimbo hudumu siku 90. Tunaupa alama za juu kwa sababu hakuna nakala ya viza inayozagaa kwenye barua pepe za watu usiowajua.

Unapokwama, mara nyingi chanzo ni kimoja kati ya hivi. Mfumo huuliza msimbo ni wa shughuli gani: wa kazi huanza na W, wa kupanga nyumba R, wa mengineyo S. Wakala akipewa wa S hataweza kuutumia, na mwombaji huanza kuhangaika akidhani viza yake ina kasoro. Pili, akaunti iliyofunguliwa na wakili au ndugu kwa barua pepe na simu yake. Namba ya kuingilia inakwenda kwa huyo mtu, nawe unabaki nje siku unayohitaji msimbo. Badilisha mawasiliano hayo mapema, na pasipoti mpya nayo iongeze kwenye akaunti mara unapoipata. Tatu ni majina. Wengi wetu tuna majina matatu, na benki au msajili wa kampuni huenda ana mawili tu. Mweleze wakala tofauti hiyo kabla hajaiona mwenyewe, na uwe na hati inayoiunganisha.

Picha ya skrini haitoshi, hata wakala akisema inatosha. Mwajiri hupata kinga ya kisheria pale tu anapofungua ukurasa wa waajiri mwenyewe na kuhifadhi nakala ya alichokiona. Tangu Februari 2024 faini imefika hadi pauni 45,000 kwa kila mfanyakazi asiye na ruhusa, na hadi 60,000 kwa anayerudia kosa. Wakala anayeng'ang'ania kadi ya BRP (kadi ya ukaazi ya wageni) amepitwa na wakati: kadi hiyo haikubaliki kwa ukaguzi huu tangu Aprili 2022.

Soma masharti yako kabla hujatuma msimbo. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri, hata kama saa zake hazizidi 20 kwa wiki. Mwenye viza ya Skilled Worker (ya mfanyakazi mwenye ujuzi) amefungwa kwa mwajiri aliyemdhamini kupata viza hiyo, na kazi ya ziada anayoruhusiwa ina masharti yake. Msimbo kukubalika kwenye mfumo si ruhusa ya kufungua kampuni na kuanza kutoza ankara.

Raia wa Uingereza na Ireland hawatumii msimbo huu. Wao hukaguliwa kidijitali na kampuni iliyoidhinishwa, kwa pasipoti ambayo haijaisha muda, au kwa mkono kwa hati halisi. Pasipoti ya Uingereza iliyoisha muda bado hukubalika kwa mkono, ila si kwa njia ya kidijitali. Aliyepata uraia na hajachukua pasipoti apeleke cheti cha uraia pamoja na karatasi rasmi yenye jina lake na namba ya National Insurance (bima ya taifa). Namba hiyo peke yake haithibitishi chochote.

Kuhusu utambulisho, wakala ana haki ya kuuliza. Kanuni za mawakala za mwaka 2003 zinamtaka athibitishe wewe ni nani, na kwamba una ujuzi na sifa ambazo kazi inahitaji, kabla hajakupeleka kwa mteja. Nakala ya pasipoti iandike juu yake jina la wakala, tarehe na kusudi. Taarifa ya benki ya kuthibitisha anwani, funika miamala na salio. Wakurugenzi wa kampuni, tangu 2025, hupewa na Companies House (msajili wa kampuni) msimbo binafsi wa herufi na tarakimu 11. Huo ni wa shughuli za usajili wa kampuni, wakala wa ajira hana kazi nao.

Cheti cha rekodi ya jinai (DBS) cha msingi, yaani basic, ni pauni 21.50 na unaweza kukiomba mwenyewe. Kile cha kina, pauni 49.50, hupitia taasisi. Mwenye cheti cha kina anayebadili mawakala mara kwa mara akilipia huduma ya Update, inayowezesha cheti hicho kutumika tena, pauni 16 kwa mwaka, anaokoa fedha nyingi, mradi ajiunge ndani ya siku 30 tangu cheti kitolewe. Kazi za serikali zinazodai BPSS (ukaguzi wa msingi wa usalama) zina mtego wake: ukiwa umeishi nje jumla ya miezi 6 au zaidi ndani ya miaka 3, unaweza kudaiwa cheti cha polisi wa nchi hiyo. Cha Kenya huombwa kupitia eCitizen na huhitaji alama za vidole kwenye fomu ya C24, kwa hiyo usingoje ofa ndipo uanze.

Sasa wadhamini, na hapa tunasema bila kuzunguka. Kanuni za 2003 zinadai wadhamini wawili, wasio ndugu zako, pale kazi inapohusu watoto au watu wanaohitaji uangalizi. Kwa mtaalamu wa kompyuta wa kawaida hakuna sharti hilo, ingawa mteja anaweza kuwa na lake. Basi wakala anayetaka majina na simu za mameneja wako wawili kwenye mazungumzo ya kwanza, na mteja hajamtaja, uwezekano mkubwa anatafuta wateja. Meneja aliyekuajiri kwa mkataba anaweza kuajiri wengine, na simu yake ni mali kwa wakala. Mjibu kwa upole: wadhamini watatolewa baada ya ofa ya maandishi. Akikasirika, umeshapata jibu lako.

Mdhamini aliye Dar es Salaam au Nairobi atoe barua pepe ya kampuni, kwa kuwa ya Gmail mara nyingi hukataliwa. Mwambie atarajie simu kutoka namba ya Uingereza. Afrika Mashariki iko mbele kwa saa mbili majira ya joto na tatu majira ya baridi, hivyo simu ya alasiri ya London hukuta ofisi imefungwa. Kampuni ikiwa imekufa, barua ya ajira na hati za mishahara husaidia. Kwa kazi za Uingereza, programu ya HMRC (idara ya kodi) huonyesha historia ya ajira ya miaka 5, na mwenye kampuni anaweza kuongeza ankara na barua ya mhasibu.

Ada ya kukutafutia kazi ni marufuku chini ya sheria ya mawakala ya 1973, na wakala hawezi kukulazimisha ununue huduma nyingine ndipo akutafutie kazi. Lakini ndani ya rundo la fomu za ukaguzi mara nyingi huwemo moja ya kujitoa kwenye kanuni za 2003. Ukiisaini wewe na kampuni yako kabla ya kupelekwa kwa mteja, unapoteza kinga za kanuni hizo, ikiwemo ile inayomzuia wakala kumpa mwajiri wako wa sasa habari zako bila idhini. Hawezi kuifanya sharti la kukupa kazi, na kwa kazi za watoto au wanaohitaji uangalizi kujitoa huko hakuna nguvu. Itafute fomu hiyo kabla ya kusaini nyingine yoyote.