Tahadhari: vijiko vya Klondike vya fedha "halisi"

Ndugu zangu mnaokusanya vijiko vya kumbukumbu, kuna tapeli anazunguka na seti ya vijiko vinne vya Klondike, lile eneo la machimbo ya dhahabu kule Yukon, Kanada. Mimi kanipiga dola 220, na juzi nimemwona amerudi kwa jina jingine, picha zilezile, hata kitambaa cha drafti za bluu alichovitandikia ni kilekile.

Picha zinavutia, lazima nikiri. Juu ya mpini kuna mchimbaji na sururu yake, na pembeni kimebandikwa kipande anachodai ni dhahabu ghafi ya Yukon. Mgongoni neno STERLING, yaani fedha ya 925 (sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha tupu), linasomeka vizuri. Naishi Seattle, ambako meli ya Portland ilitia nanga Julai 1897 na mzigo wa dhahabu, watu wakaacha kazi kukimbilia kaskazini. Vitu vya namna hiyo huku si vigeni, kwa hiyo sikushtuka.

Vilivyofika mgongoni vimeandikwa ALASKA SILVER. Ni jina tu la biashara: shaba, nikeli na zinki, fedha hamna. Ile picha ya mgongo ilikuwa ya kijiko kingine kabisa. Na hiyo "dhahabu" niliikwaruza kwa ukucha, ukucha ukabaki na rangi ya manjano.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kwenye picha kijiko kimoja kilisomeka "Dawson, Alaska". Dawson iko Yukon, Kanada! Niliona, nikajisemea kosa la mchoraji litakipandisha bei. Tamaa hiyo.

Siku hizi ameongeza na vya California, anasema vilifuliwa machimboni mwaka 1849. Dhahabu kule ilionekana Januari 1848, sawa, lakini Wamarekani walianza kupagawa na vijiko vya kumbukumbu kwenye miaka ya 1890. Kijiko kinaweza kuandikwa 1849 kwa kuwaenzi wachimbaji wale, ila kutengenezwa mwaka huo kama ukumbusho, thubutu.

Atakwambia ujaribu kwa sumaku. Usihangaike, mchanganyiko huo wa nikeli nao kwa kawaida haunasi. Pima kijiko kwa gramu. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kining'inize kijiko kwa uzi kizame chote bila kugusa kitako. Uzito wa kwanza ugawe kwa namba inayotokea. Fedha ya 925 hukaribia 10.3. Changu kilitoa 8.6.

Hela alitaka nimtumie kama natumia rafiki, eti tukwepe makato. Nilipodai nirudishiwe, sikuwa na pa kushika, naye akaniblock.

Jana shemeji yangu amemwandikia kama mteja mpya, akaomba picha ya mgongo wa kijiko kikiwa juu ya karatasi yenye tarehe ya siku hiyo. Jibu limekuja chapchap: vijiko viko benki, haviwezi kutolewa mpaka alipe nusu.