Taa ya taimingi kwenye Beetle inayogonga: uzoefu wangu Mtwara

Taa ya taimingi humulika kila plagi namba 1 inapotoa cheche, ili uone alama ya puli (gurudumu la mkanda la injini) iko wapi wakati huo. Hii yangu ni ya umbo la bastola, ya kidijitali, yenye kioo kidogo cha kusoma mizunguko kwa dakika na vitufe viwili vya kupandisha na kushusha digrii, yaani puli imebakiza mzunguko kiasi gani pistoni ifike juu kabisa. Nimeitumia hapa Mtwara kwenye Volkswagen Beetle ya injini 1600 inayopozwa kwa hewa, distributa (kigawa cheche) Bosch 009, iliyokuwa ikigonga kila inapopanda kwenda Newala. Nitaisifu, lakini mtu akiifuata bila kuhakiki puli yake itampotosha, na makosa hayatakuwa ya taa.

Kugonga ninakosema ni mlio mwembamba, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo la bati, unaotoka injini ikiwa imebeba mzigo: kilima, gia ya tatu au ya nne, mafuta yamekanyagwa nusu. Ukiinua mguu, unakata. Valvu zilizolegea hulia muda wote, hata gari likiwa kwenye sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Injini iliyonoki, yaani iliyokwisha beringi, hutoa kishindo kizito kutoka chini, na oili ikipata moto kinazidi. Kwa hayo mawili usinunue taa. Huu mlio wa kokoto ndio wake, kwa sababu mara nyingi cheche inatoka mapema mno: moto unaanza pistoni ikiwa bado mbali mno na juu, mgandamizo na joto vinapita kiasi, na mafuta yaliyobaki pembeni yanalipuka yenyewe. Ukiendelea hivyo, pistoni zinakuja kutoboka.

Kufunga kwake ni rahisi ila waya ni mfupi. Betri ya Beetle iko chini ya kiti cha nyuma, haufiki. Nachukua umeme kwenye koili, nguzo namba 15, na hasi naibana kwenye chuma cha injini. Taa ikimulika kwa kurukaruka, betri ya bodaboda ya volti 12 iliyowekwa pembeni inaituliza. Kibanio cha taa kinakaa kwenye waya wa plagi ya silinda namba 1, yaani ya mbele upande wa kulia wa gari, mshale ukielekea plagi. Kiweke mbali na nyaya nyingine tatu, la sivyo kinadaka cheche za jirani. Hakikisha pia taa imewekwa kwa injini ya mipigo 4. Ikibaki kwenye mipigo 2 mizunguko husomeka nusu, na digrii nazo zinapotoka. Kontakti pointi za ndani ya distributa zipimwe nafasi yake kabla, milimita 0.4, maana ukizigusa baadaye taimingi inahama na kazi yote unairudia.

Sasa puli. Puli za Beetle hazifanani. Kuna zenye mfuo wa pistoni kuwa juu kabisa, kuna zenye mfuo wa digrii 7.5 kabla ya juu, na za miaka ya mwanzo ya 1970 kuna zenye mfuo wa digrii 5 baada ya juu. Ukikuta mfuo mmoja ukaufanya sifuri, unabahatisha. Kwenye gari hili mfuo ulikuwa wa 7.5, na aliyeseti kabla aliuhesabu kuwa sifuri. Taa ilisoma 30 safi kabisa, kumbe cheche ilikuwa inatoka kwenye 37.5. Ndiyo kokoto zote zile.

Njia ya kuujua ukweli haigharimu kitu. Ng'oa plagi zote nne. Chukua plagi kuukuu, vunja kauri yake, ingiza bolti yenye ncha butu, ifunge silinda namba 1. Zungusha injini taratibu kwa mkono (nati ya puli ya jenereta ni spana 21) mpaka pistoni iguse, weka alama kwenye puli mbele ya mshono wa injini, pale nusu zake mbili zinapokutana. Rudi upande wa pili mpaka iguse tena, weka alama nyingine. Katikati ya alama hizo mbili, upande ambao ziko karibu, ndipo pistoni ilipo juu kabisa. Usilazimishe, utaumiza pistoni. Kisha zungushia puli futi ya fundi cherehani, gawanya mzingo kwa 12, na umbali huo uupime kulia kwa alama ya sifuri ukiwa umesimama nyuma ya gari. Hiyo ni digrii 30. Kwenye puli ya kawaida inakuja karibu milimita 46. Ipake rangi nyeupe.

Hapo ndipo nilipoijaribu taa yenyewe. Kioo kikiwa sifuri niliangalia alama ya 30, kisha kioo kikiwa 30 nikaangalia alama ya sifuri. Tofauti ilikuwa digrii moja tu. Kwa kifaa cha aina hii hilo ni jambo la kusifiwa.

Distributa 009 haina kopo la vakyumu la kuwahisha cheche kwa mvuto wa hewa, inategemea tu vizito vyake vinavyotanuka injini ikienda kasi, kwa hiyo usiisetie kwenye sailensa. Piga resi mpaka alama iache kusogea, kwenye mizunguko 3000 hadi 3500, ndipo usome. Lenga 28 hadi 32. Kwa joto letu la Novemba naiacha 28. Legeza nati inayobana distributa, zungusha distributa kufuata saa kuchelewesha, kinyume chake kuwahisha. Sailensa itaangukia ilipo, kwa kawaida 7 hadi 10. Alama ikipanda ghafla resi ikiwa bado ndogo, springi za vizito zimechoka, na gari litagonga kwenye mwendo wa kati hata kama 28 imekaa sawa. Hili taa ya balbu, ile ya kupima injini imezimwa, haiwezi kulionyesha kamwe.

Baada ya kurekebisha, kilima cha Newala kikapandwa kimya. Mlio ulirudi mara moja tu, kwa petroli ya madumu, na taa ikathibitisha taimingi haijahama. Tone la petroli hiyo kwenye karatasi nyeupe liliacha doa la mafuta. Petroli safi hukauka na kuondoka. Mafuta ya taa yanashusha oktani, yaani uwezo wa petroli kustahimili kugonga. EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (kemikali ya kutambua mafuta yaliyochakachuliwa) mwaka 2010, lakini dumu la njiani halina wa kulikagua.

Ikiwa taimingi ni sahihi, petroli ni safi na bado inagonga, angalia joto: bati za chini ya silinda zilizotupwa na mafundi, kiota cha panya ndani ya kasha la feni, mkanda unaobonyea zaidi ya milimita 15. Silinda namba 3 ndiyo huumia kwanza kwenye injini ambazo kipozea oili kimekaa ndani ya kasha na kuizibia hewa. Mpira wa manifoldi (bomba la kupeleka petroli na hewa kwenye silinda) uliopasuka nao unaingiza hewa na kufanya mchanganyiko uwe mwepesi, wenye petroli kidogo.

Kasoro za taa: mchana wa jua kali huoni kitu, fanya kazi alfajiri au jioni. Nyuso za chuma ndani ya kibanio zinashika kutu kwa hewa ya bahari, zifute mara kwa mara. Plastiki yake inalainika ikigusa eksozi. Na mwanga wake unaifanya puli ionekane imesimama. Funga mikono ya shati, usipeleke kidole.

Mwenye gari moja, puli ikishapakwa alama ya 30, taa rahisi isiyo na kioo inamtosha. Hii yenye vitufe ni kwa fundi anayepokea magari yenye puli asizozijua.