Siku nzima chomboni Lamu: nilivyotimiza miaka 30

Nilitaka kutimiza miaka 30 nikiwa juu ya maji. Tulikuwa sita, wote wa Mombasa, marafiki tangu shule, na tulichanga kila mwezi hadi zikatosha nauli, nyumba ya siku tatu na mashua ya kutwa nzima. Naandika haya kwa ajili ya anayetaka kukodi chombo Lamu. Mimi kabla ya kwenda nilimtafuta mtu wa kunieleza kilivyo, nikaambulia picha tu.

Safari ya basi sina mengi ya kusema. Tulitoka Mombasa asubuhi, tukapita Malindi, Garsen na Witu, njia siku hizi ni lami hadi Mokowe. Kitambulisho kiwe karibu, kwa sababu vizuizi vya polisi ni vingi na abiria hushushwa. Mokowe unapanda boti kuvuka hadi Lamu mjini, nasi tukaunganisha hadi Shela, kijiji cha kisiwani humo humo.

Nyumba tuliyopanga Shela sitaitaja, na sitarudi. Pampu ya maji iliharibika usiku wa kwanza. Tulioga kwa ndoo hadi jioni ya pili, na yule tuliyemlipa akawa hapokei simu. Baada ya kusumbuana akarudisha sehemu ndogo ya pesa. Kama unapanga nyumba huko, uliza mapema maji yanatoka kisimani au ya mfereji, nani anayashughulikia yakikatika, na umpate mtu huyo mwenyewe kwenye simu kabla hujatuma hela. Darini kulikuwa kuzuri, upepo wa kaskazi unapita chini ya makuti usiku kucha, lakini upepo hauogi mtu.

Sasa mashua. Tulikubaliana shilingi 15,000 kwa watu sita, chakula cha mchana na maji ya kunywa ndani yake, kuanzia saa mbili asubuhi hadi magharibi. Nahodha ni mtu mzima, sote tulimwita Ami, na alikuwa na kijana mmoja wa kumsaidia. Mimi nilikwenda na ratiba yangu kwenye simu: kwanza magofu ya Takwa saa tatu, jua likiwa bado pole tupate picha, halafu kuvua, halafu kuogelea. Akanisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Mwanangu, yeo asubuhi Takwa hakuna mai."

Yeo ndiyo leo na mai ndiyo maji, kwa Kiamu, lahaja ya Lamu. Nilikasirika kidogo, nakiri, nilidhani anataka kutupunguzia safari. Nikamuuliza kwa nini, naye akanieleza bila haraka. Takwa iko kisiwani Manda, na chombo huingia kwa mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko. Maji yakipwa, mkono ule unabaki tope. Siku ile ilikuwa siku ya pili ya mwezi mwandamo wa Shaabani, bamvua, yaani siku za maji makuu, na bamvua pwani hii maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa alasiri, saa kumi na kitu. Ukiingia saa tatu, utanasa mle mpaka mchana, kwenye jua na mbu. Basi akaigeuza siku yetu yote juu chini: kuvua na kuogelea kwanza, kula, Takwa mwisho.

Hapo ndipo nilipojua tumempata nahodha. Angeweza kunyamaza, atupeleke tulikotaka, na tungekwama tukiwa tumeshalipa.

Jambo moja lilinitia wasiwasi kabla hatujaondoka. Jaketi okozi zilikuwa nne, sisi sita, na mwenzetu mmoja hajui kuogelea hata kidogo. Nilisema hatuondoki. Ami hakubisha, akamtuma kijana kwa jirani yake, akarudi na tatu zaidi, moja mkanda wake umekatika tukaikataa. Tulichelewa nusu saa na sijutii. Wewe pia hesabu jaketi ukiwa bado mchangani, uzivute mikanda moja moja. Usione haya. Bahari ya mlango wa Shela inaonekana tulivu lakini mkondo wake unavuta, hasa bamvua.

Kijana alitweka tanga, foromali, boriti inayobeba tanga, ikapanda ikilia kwenye kamba, na chombo kikainama. Injini haikuwashwa. Kuna kimya kinachokuja wakati huo, unasikia maji tu yakipita ubavuni na kijana akichota ngama, maji yaliyoingia chomboni, kwa kopo la rangi lililokatwa. Rafiki yangu asiyejua kuogelea alinishika mkono dakika kumi za kwanza, halafu akauachia mwenyewe.

Tulivua kwa mishipi ya mkono, chambo ngisi. Tulipata changu watano na wengine wadogo tuliowarudisha. Nilidhani tutapelekewa chakula kilichopikwa, kumbe jiko lilikuwa mle mle chomboni: sanduku la mbao limejazwa mchanga, makaa juu yake, ili ubao wa chombo usiungue. Ami alitia nanga pembeni ya Manda, akapasua samaki mgongoni, akawachoma, na kila akiwageuza akawapaka tui zito lililochanganywa na ukwaju, pilipili na kitunguu thomu. Tui lilikuwa likidondoka kwenye makaa na moshi wake ukanuka nazi. Wali wa nazi, kachumbari, maembe. Nimekula samaki wa kupaka maisha yangu yote, kwetu na kwenye harusi za watu, na wa siku ile ndiye nitakayemkumbuka.

Keki hatukubeba. Dada mmoja wa Mombasa alituonya kuwa krimu haifiki salama kwenye jua lile, kwa hiyo tuliagiza mkate wa sinia mtaa wa Langoni, kwa mama anayepikia majumbani. Ulikuja bado una joto, umefungwa kwenye kitambaa, juu umepiga rangi ya kahawia na una harufu ya iliki. Tuliukata mchangani kwa kisu cha samaki kilichooshwa kwa ndimu. Marafiki zangu waliimba, Ami akanipigia dua ya umri na heri, nami nikalia.

Saa tisa na nusu tukaingia mkono wa Takwa. Maji yalikuwa yanapanda, mizizi ya mikoko imezama nusu, na kijana alisukuma kwa upondo kwa sababu upepo haufiki mle. Kiingilio kinalipwa kando kwa Makumbusho ya Taifa, hakimo kwenye bei ya mashua. Mji ulihamwa karne ya 17, na Washela wengi hujihesabu kuwa asili yao ni huko. Msikiti wake una nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla. Sijaona mfano wake kwetu. Ami alitueleza kuwa watu wa Shela bado huja kuomba mvua pale, kwenye kaburi la nguzo. Tuliofunga leso kiunoni tulizipandisha kichwani bila kuambiwa na mtu. Tungekuja saa tatu, kama nilivyotaka, tusingeona hata ukuta.

Kurudi upepo ulikuwa nyuma yetu. Karibu na Shela jua lilizama, na mwezi mwembamba ukaonekana upande wa magharibi, ule ule uliotupangia siku.

Tulimlipa Ami 15,000 kama tulivyoagana, tukamwongezea 2,000 za kijana. Hakuomba. Nilimwambia mwakani nataka tarehe hiyo hiyo, akahesabu kwenye viungo vya vidole, akasema itaangukia siku ya kumi na mbili au kumi na tatu ya mwezi mwandamo, kwa hiyo maji yatajaa mapema zaidi, baada ya adhuhuri tu. "Ndoo asubuhi," akaniambia, yaani njoo, "tutakula tukisharudi."