Fundi AC aliyegoma kuniongezea gesi (nyota 4)

Nina AC ya BTU 12,000 chumbani, miaka mitatu mfululizo ikifika Desemba inapuliza upepo tu, naita fundi wa mtaani anafungua valvu fyuuu, gesi iliyobaki yote nje, anajaza upya, elfu 70, kwaheri. Mi nikajua ndo kawaida yake.

Safari hii nikaelekezwa kijana mwingine. Kachelewa masaa mawili na simu hapokei, nyota moja nimekata hapo. Kaweka geji, kaangalia, akasema dada sikuongezei gesi. Hee, hela hutaki? Akanijibu AC haili gesi kama gari linavyokula mafuta, gesi inazunguka humohumo, ikipungua ujue kuna inapotokea. Basi akaivuta iliyobaki kwa mashine akaihifadhi kwenye mtungi, akajaza naitrojeni, akapaka povu la sabuni ya vyombo kwenye maungio ya mabomba ya kopa, tukakaa tunaangalia kama wajinga, mara kwenye nati moja ya boksi la nje povu likaanza kuvimba vitone vidogovidogo. Kumbe hela yangu ilikuwa inatokea hapo!

Nikamuuliza si ungeachia tu hewani kama mwenzio? Akanionyesha kibandiko, R410A, chini yake 2088. Maana yake hii gesi haitoboi ozoni kama R22 ya zamani, ila kilo moja ikienda angani inashika joto sawa na kilo 2,088 za kaboni dioksaidi kwa hesabu ya miaka 100. Kaboni ndo inaongoza kwa wingi, hilo sawa, lakini hizi za AC na friji ni kidogo zenye pilipili, ndo maana nchi zilikaa Kigali 2016 zikakubaliana kuzipunguza. Yangu inabeba gramu 800, nikapiga kwenye simu: kilo 1,670, kama umechoma lita 700 na ushee za petroli. Na mimi hata gari sina jamani.

Akabadilisha nati, akaitoa hewa yote iliyokuwa ndani ya mabomba, akajaza gesi kwa mizani sio kwa macho. Elfu 130, iliniuma. Kanishauri nikinunua mpya nichukue ya gesi ya R32, hiyo badala ya 2088 ni 675, ila inashika moto kidogo so isiguswe na kila mtu.

Saa hizi Februari, usiku najifunika blanketi. Ile nyota akianza kupokea simu namrudishia.